Risala ya Klabu ya Sayansi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Lushoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Viongozi wa kata, wa vijiji na wa dini,
Wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kupanda mlima kuja kutusikiliza. Tope uliloliona likikatiza barabara wakati unakuja ndilo sehemu kubwa ya kazi yetu, na tumefurahi umelipita mwenyewe kabla hatujakusimulia.

Klabu yetu ina wanachama kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Hatuna jengo. Tunakutana kila Ijumaa baada ya vipindi kwenye maabara ya biolojia, na kukiwa na mtihani wa vitendo tunahamia chini ya mti. Mlezi wetu ni mwalimu wa jiografia, ambaye pia anafundisha kemia kwa sababu unazozijua vizuri kuliko sisi.

Naomba nieleze kazi moja tu kati ya tunazofanya, kwa sababu nyingine utaziona mezani. Kwenye shamba la shule tumegawa mteremko vipande viwili. Kipande kimoja tumepanda majani ya gwatemala, aina ya majani ya malisho, kwenye makinga maji, kingine tumekiacha kama mashamba mengi yalivyo sasa. Chini ya kila kipande kuna mfereji mdogo unaoingia kwenye ndoo. Mvua ikinyesha tunakoroga maji ya ndoo, tunajaza chupa, tunaiandika tarehe na kuiweka rafuni hadi kesho yake. Tope likishatuama tunapima kimo chake kwa rula. Mvua yenyewe tunaipima saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili zikiwemo, na aliye zamu anaandika kwenye kauntabuku hata kama mvua haikunyesha. Kuandika sifuri ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wanachama wapya huwa hawaelewi kwa nini waamke kwenda kuandika sifuri.

Chupa za vipande hivi viwili hazifanani kabisa, na hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni namna tope linavyojipanga. Chini kabisa hukaa mchanga mwekundu, mzito, ambao hutuama mapema. Juu yake, baada ya saa nyingi, huja tabaka jembamba jeusi lenye utelezi. Hilo jeusi ni mboji na samadi. Ni jepesi, ndiyo maana huchelewa kutuama, na ndiyo maana kwenye korongo huenda mbali zaidi kuliko mchanga. Mzazi mmoja alipoonyeshwa chupa hiyo aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza samadi ya ng'ombe mmoja inajaza chupa ngapi. Hatukuwa na jibu. Swali lake sasa ni utafiti wetu wa muhula ujao.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioendeshwa kwa msaada wa Wajerumani miaka ya 1980, uliohimiza haya majani ya gwatemala, makinga maji na miti shambani. Hatukugundua jambo jipya. Ila wengi wetu tulizaliwa baada ya mradi kuondoka, tukakuta majani yameng'olewa ili ipatikane nafasi ya kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Kumwambia baba yako arudishe majani ambayo yeye mwenyewe aliyang'oa si jambo jepesi katika nyumba ya Kisambaa. Chupa mbili zikikaa mezani, mtoto hahitaji kusema sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wilaya yetu ni tajiri wa mahali pa kujifunzia. Tuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, ina kituo hapa hapa Lushoto. Upande wa Bumbuli kuna msitu wa Mazumbai ulio chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kuna mkulo, ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yetu. Kuna vinyonga wa pembe mbili wasiopatikana popote duniani isipokuwa Usambara, ingawa majumbani tumelelewa kuwaogopa. Watafiti wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuwaangalia. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekaa jirani na msitu hapiti getini mpaka awe na barua, na hajui barua hiyo inaandikwa na nani.

Ipo habari ya ua moja. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani maua madogo ya zambarau kutoka huku mkoani kwetu Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ile. Leo linauzwa kwenye vyungu vidogo katika nchi nyingi, na wanaoliweka dirishani wengi hawajui Tanga iko wapi. Aliyemwonyesha ofisa yule mahali linapoota, kama alikuwepo, hakuandikwa popote.

Lakini ipo habari nyingine, na hii ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ndogo na wanaoitaka wengi. Mwenzake akaweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi nafasi. Mpemba akaona atakosa, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Waliporudi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Likizo moja akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akamwambia kwamba yeye huweka maziwa ya moto siku zote ili yagande haraka. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanajua, na darasa lilikuwa halijui. Alipofika kidato cha tano Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu wenzake wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni. Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alifika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yakiwekwa kwenye friza huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Darasa likacheka. Mgeni hakumpuuza. Aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, ikiwa na majina mawili: Mpemba, halafu Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, anasomea uhifadhi.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, wengine wanasema likipimwa kwa uangalifu mkubwa halionekani. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliita watu walieleze, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Wanaolikubali na wanaolikataa wote wanalitaja kwa jina la kijana aliyesoma Magamba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ya yule mgeni. Msomi wa chuo kikuu angeweza kuandika jina lake peke yake na kumshukuru kwa mstari mmoja mwanafunzi fulani wa Iringa. Hakufanya hivyo. Sisi tumewahi kufanyiwa tofauti. Kazi ya chupa ilipopelekwa kwenye maonyesho fulani, ilibandikwa karatasi yenye jina la shule na jina la aliyeisafirisha. Mabinti wawili waliokuwa wakiamka kusoma kipima mvua hawakutajwa. Cheti kilikuja, kiko ofisini ukutani, kizuri, kina fremu. Mabinti wale wamemaliza kidato cha nne, na mmoja alipoomba nafasi ya kujitolea akaulizwa amewahi kufanya nini, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Hatumlaumu mtu, ndivyo ilivyozoeleka, cheti kuwa cha taasisi na mwanafunzi kupigiwa makofi.

Nafasi za kitaifa zipo na zinakua. Tangu 2011 kuna taasisi ya Young Scientists Tanzania, inayoandaa maonyesho ya tafiti za wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam, ambako washindi wamekuwa wakifadhiliwa masomo ya chuo kikuu. Tangu 2019 kuna MAKISATU, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo hayaishii kwa wasomi peke yao: yana nafasi ya shule za msingi, sekondari, vyuo vya ufundi, na hata fundi wa mtaani asiye na cheti. Klabu za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, zipo tangu 1980. Roots & Shoots ya Dokta Jane Goodall, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, leo iko katika nchi nyingi. Kwa anayefika kidato cha sita na kufaulu sana masomo ya sayansi, kuna ufadhili wa Samia. Shida yetu si uhaba wa mashindano. Tangazo hutufikia muda umekwisha, limepita kwenye simu nne, na nauli ya kwenda Dar es Salaam na chupa za tope kwenye basi haina fungu shuleni. Kondakta naye ana maoni yake kuhusu chupa hizo.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya. Kwanza, tunaomba ofisi yako iandike barua moja kwa TAFORI, kwa wahifadhi wa Magamba na kwa wasimamizi wa Mazumbai, itakayowezesha klabu za shule za wilaya hii kupokelewa kwa kujifunza kila muhula, pamoja na nafasi chache za wanafunzi wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne kushika daftari nyuma ya mtafiti. Hawadai posho. Miezi ile ya kusubiri matokeo wengi wetu tunaimalizia kwenye bodaboda au kupakia kabichi kwenye Fuso.

Tunaomba pia wilaya iwe na maonyesho yake madogo ya tafiti za wanafunzi, hata kama ni kwenye uwanja huu huu, kabla ya yale ya kitaifa. Waamuzi wawepo watafiti, na awepo mkulima mmoja na bwana shamba mmoja, kwa kuwa wao ndio watakaotumia majibu. Kila cheti kitakachotolewa kiandikwe majina kamili ya wanafunzi waliofanya kazi na kazi yenyewe ilikuwa nini. Hilo halina gharama zaidi ya wino.

Na kuhusu takwimu zetu za mvua, tungependa zisibaki rafuni. Tumetengeneza nakala mbili za kauntabuku kwa mkono. Moja tunaomba uipokee leo uipeleke kwa afisa kilimo wa wilaya aikague. Akikuta makosa atuambie, tutarekebisha namna tunavyopima. Ya pili ni ya ofisi ya kata. Ukurasa wa kwanza una majina ya wote waliowahi kushika zamu, wakiwemo waliokwisha maliza shule.

Tunawashukuru Mkuu wa Shule kwa kutuachia mteremko ule, ambao ungeweza kulimwa maharage ya jikoni, na walinzi wetu wa usiku, waliokuwa wakizifunika ndoo mbuzi wa jirani walipozifanya kuwa kisima.

Baada ya risala hii tunakuomba upite mezani. Waliotayarisha kila kazi wamesimama nyuma ya meza yao, na wamejiandaa kuulizwa maswali magumu. Tafadhali uwaulize majina.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa klabu