Mhariri, mvuvi wa usiku naye apewe utabiri wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kisanduku cha hali ya hewa mnachochapisha kila siku. Kwetu Kanda ya Ziwa kisanduku hicho kina jina la Mwanza, nyuzi joto, picha ya wingu lenye radi, basi. Ziwa zima, takriban kilomita za mraba 68,000, linasemewa na mji mmoja, na mchana na usiku wake vinasemewa na picha moja. Anayetaka kujua kama abebe mwavuli ameshajibiwa. Wavuvi wa dagaa ninaonunua mzigo wao hapa Musoma hawajaambiwa lolote, na hao ndio dhoruba inawaua.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea watu wanapumzika; giza likirudi mitumbwi inaingia ziwani jioni na kutoka asubuhi. Saa hizo hizo ndizo dhoruba za Ziwa Victoria huzaliwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Ndiyo maana mvua za radi na za mawe huwapiga watu wa Tarime na Kisii alasiri, kule kwenye miinuko. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unashuka kutoka kila pwani kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana katikati, hazina pa kwenda isipokuwa juu, zikibeba mvuke wa maji yale ya vuguvugu. Kufikia usiku wa manane wingu limeshakuwa mlima.

Kisha upepo wa mashariki unayasukuma mawingu hayo upande wa magharibi. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, nyingi yake alfajiri na asubuhi, wakati sisi wa Musoma hatufikii nusu ya hiyo. Ndege iliyoanguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba na kuua watu 19, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa inajaribu kutua asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ziwa ni moja, lakini mashariki na magharibi yake hazina ratiba moja ya mvua. Picha moja ya wingu itayasemaje haya?

Jambo linalowaua wengi ni upepo unaotangulia mvua. Ndani ya wingu la radi, matone na mawe ya barafu yakianguka huipoza hewa na kuiburuta chini. Hewa ile ya baridi ni nzito. Ikigonga maji inasambaa pande zote, na inaweza kukimbia kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe. Mvuvi anaona nyota juu ya kichwa chake na radi ikimulika kwa mbali, anaamua avute wavu mara moja zaidi. Ghafla anahisi ubaridi usoni, na muda si mrefu mawimbi yamemfikia. Ubaridi ule ndio onyo la mwisho, na mwenye mtumbwi wa kasia hawezi tena kuikimbia dhoruba. Onyo linalofaa ni lile la kabla hajaondoka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Na onyo hilo lipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, na hutoa utabiri wa ziwa wenye kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Tahadhari zake zina ngazi: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kila moja husema uwezekano wa kutokea ni mdogo, wa wastani au mkubwa, na athari zake zinaweza kufikia kiwango gani. Ikifika kwenye magazeti na redio, hayo yote yanakatwa. Kinachobaki ni "mvua kubwa yaja". Dhoruba ikipiga kisiwa cha Ukara na kukiacha kisiwa cha Irugwa, wa Irugwa wanasema wamedanganywa, na mara ya pili hawasikilizi. Hawakudanganywa. Wingu la radi ni jembamba, na uwezekano wa wastani maana yake ni kwamba lingeweza pia kupita pembeni. Nani aliwahi kuwasomea sentensi hiyo?

Ninachoomba hakihitaji fedha. Chapisheni utabiri wa ziwa mbali na ule wa miji, ukitaja upande wa ziwa, saa, upepo na mawimbi, na msiiondoe ile sehemu ya uwezekano. Wenzenu wa redio wausome saa kumi alasiri, kabla mitumbwi haijashushwa, badala ya kuungoja mwisho wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku wakati wavuvi wameshafika mbali. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, wataunakili ubaoni pale mwaloni, kwa sababu si kila mvuvi ana simu yenye intaneti. Mvua za vuli huanza Oktoba, kwa hiyo ukurasa huo ungefaa uwe tayari Septemba.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Musoma