Barua kwa shoga yangu anayefungwa sataranji na mumewe

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Karafuu zimeanikwa mpaka mlangoni, ukitoka kununua mkate unarudi unanukia wewe na mkate wako. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili kwa kucheka tu. Ati Shemeji anakufunga kila usiku, halafu anapanga kete upya bila hata kukuuliza kama umetaka tena! Umeniuliza nilifanya nini mpaka vijana wa barazani kwetu wakaacha kunichezea kwa mkono mmoja huku wanakunywa kahawa. Haya mambo hayasemeki kwa simu, yanataka ubao mbele yako. Barua hii anakuletea kaka, anapanda boti kesho, pamoja na halua. Halua ni ya watoto, sikujui leo.

Nianze na aibu yangu. Mwaka mzima niliupoteza kwa kukariri njia za kuanzia mchezo. Nilikuwa na daftari limejaa: akicheza hivi nacheza hivi, ile ya Kisisilia niliijua mpaka mwendo wa 12. Naketi barazani, mwenzangu hajui Sisilia wala nini, mwendo wa 3 keshatoka nje ya daftari langu. Basi mimi nimebaki kama mtu aliyehifadhi khutba ya nikahi, akafika akakuta maziko.

Siku moja nikalichana lile daftari, nikaanza jingine. Humu nikaandika michezo niliyofungwa tu, kila mmoja na sababu yake kwa mstari mmoja. Ilipofika 30 nikakaa kuhesabu. Mara 19 sababu ilikuwa ile ile: kete yangu imekaa haina mlinzi, au mwenzangu kapiga mbili kwa pamoja na mimi sikuona. Farasi wake anaruka c7 (nyumba za ubao zina majina: herufi ni mstari wa wima, namba ni wa ulalo, kuhesabu toka upande wa mweupe), mfalme wangu e8 anaguswa, na ngome yangu ya a8 inaguswa hapo hapo. Mfalme lazima akimbie, ngome inaliwa. Sasa Sisilia ingenisaidia nini?

Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla chai haijachemka, natatua mafumbo 10 kwenye Lichess, ile tovuti ya sataranji. Ni bure na hakuna tangazo la kukurukia usoni. Unaonyeshwa ubao, unaambiwa zamu yako, tafuta. Kumi yanatosha, ila usiyakimbilie. Wengi wanabonyeza wanachokiona kwanza, wakikosea wanabonyeza kingine, mwisho wanasema leo nimefanya mia. Hiyo ni kuchezea simu. Mimi siligusi mpaka nimeona na jibu la mwenzangu. Hili nimelirithi kwa babu kwenye bao, unamkumbuka alivyokuwa anatupiga vidole tukiinua kete hatujahesabu zinalala shimo gani. Kwenye sataranji ni hivyo hivyo, tena huku kete hazizunguki, kila kitu kiko wazi mbele yako, na bado tunajitia upofu.

Na ukicheza na Shemeji, kabla hujanyanyua mkono jiulize: huyu alivyocheza hivi anataka nini? Ukishajua, ndipo uangalie chako. Najua hilo hujiulizi, kwa sababu kila ukisimulia unasimulia ulichokuwa unataka wewe.

Sasa nikupeleke kwenye jambo lililonibadilisha khasa. Weka ubao, nakusubiri. Ondoa kila kitu, bakisha hivi: mfalme wako mweupe d4, kitunda chako (ile kete ndogo ya mbele) e4, mfalme mweusi e7. Zamu yako. Nilikuwa hapo mimi, mwezi wa Rajabu, nacheza na kijana wa skuli, kanzu ya chuoni bado iko mwilini. Nina kitunda kimoja zaidi na watu wamesimama. Nikasema moyoni, kitunda kikifika mwisho nina malkia, basi nikisukume. Nikacheza e5. Yule mtoto hata hakufikiri, akaleta mfalme e6, pua kwa pua na kitunda changu. Nikazunguka, nikarudi, nikasukuma tena, na kila nilipokwenda kushoto yeye kushoto, kulia yeye kulia. Mwisho kitunda kiko e7, mfalme wangu e6 anakilinda, mfalme wake e8. Zamu yake, hana pa kukanyaga, wala hakuna anayemgusa. Suluhu. Mtu mmoja akasema "maskini," sijui alimkusudia nani.

Usiku ule sikulala, nimeuweka ubao kitandani, mume wangu ananiuliza kama naumwa. Nikaona kosa lilikuwa mwendo wa kwanza. Ilikuwa niache kitunda kitulie pale e4, niingize mfalme e5. Tazama: wafalme wanatazamana e5 na e7, nyumba moja tu katikati, na zamu ni yake. Hawezi kusogea mbele, lazima aachie upande. Akienda d7 nakwenda f6, akienda f7 nakwenda d6, na kitunda kinakuja nyuma yangu taratibu kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Mfalme wako akishafika safu ya sita mbele ya kitunda chake, umeshinda, zamu iwe ya nani. Isipokuwa kitunda cha pembeni kabisa, a au h. Hicho usikitegemee, yule mwingine akiwahi kona hatoki.

Tangu hapo nikaamini kuanza kujifunza mwishoni kurudi nyuma. Ukijua kwamba mabaki haya yanashinda na yale ni suluhu, katikati ya mchezo unajua kete gani ubadilishane na gani ukatae. Capablanca, yule Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia toka 1921 hadi 1927, alishauri watu waanzie huko, na yeye mwenyewe akipata kitunda kimoja zaidi ilikuwa kama keshapokea malipo. Ukimaliza vitunda nenda kwa ngome, maana hizo ndizo hubaki mara nyingi. Lakini usiende mwezi huu.

Jengine ni kutazama michezo ya wakubwa, na hapa pia nilikuwa nakosea, natazama kama tamthilia, napiga makofi nalala. Siku hizi nauandika kwenye karatasi, nafunika na kipande cha boksi, nabahatisha mwendo unaofuata, ndipo nafunua. Anza na ule wa Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans. Mwaka 1858 huko Paris, ndani ya jumba la opera, alicheza na wawili wanaoshauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Miendo 17 tu, hauchoshi.

Mwendo wake wa 7 analeta malkia b3, anapiga mbili: f7 na b7. Wenzake wanaziba f7 kwa malkia e7. Kitunda cha b7 kiko wazi, hakina mwenyewe. Mimi kwa roho yangu ningekila huku nacheka. Morphy hakukigusa! Angekila, malkia mweusi angekuja b4 na cheki, yaani anamgusa mfalme, malkia wote wawili watoke, na mchezo upoe. Yeye akatoa farasi c3. Hapo nilikaa nikakumbuka vitunda vyote nilivyowahi kula kwa uroho. Mwisho anamtoa malkia wake mwenyewe b8, farasi anamla, na ngome inashuka d8 huku askofu wa g5 anailinda. Mfalme kashikwa. Upande wa pili bado wana malkia, ngome, askofu na farasi, hakuna hata mmoja anayefaa kitu. Mara ya kwanza kati ya miendo 17 nilibahatisha 6. Wewe niambie utapata mingapi, na usinidanganye.

Kuhusu namna ya kuanza, umeniuliza sana kuliko yote, na mimi nina machache. Ukiwa mweupe kitunda e4, farasi f3, askofu c4, mfalme na ngome wapishane upesi kwa mwendo ule mmoja. Malkia mwache nyumbani kwanza. Ukiwa mweusi ichunge f7, mwanzoni inalindwa na mfalme peke yake, na nashuku Shemeji anakumaliza hapo kwa malkia na askofu kwa miendo 4. Akimtoa malkia mapema, mshukuru, kila ukimgusa anakimbia na wewe unatoa kete nyingine bure.

Basi leo usicheze naye. Muwekee ule ubao wangu, mfalme d4, kitunda e4, mweusi e7, mwambie achukue weupe na zamu ni yake. Akisukuma kitunda, nipigie hata iwe saa sita usiku.

Shoga yako wa Wete