Barua ya Wazi kwa Mkuu wa NASA: Tangi Lijae Kabla Watu Hawajaondoka

Mheshimiwa,

YAH: KUCHIMBA BARAFU NA KUTENGENEZA OKSIJENI KWENYE SAYARI YA MIRIHI

Naomba nianze na gramu 122. Hiyo ndiyo oksijeni yote iliyowahi kutengenezwa Mirihi kwa kazi ya binadamu. Ilitoka kwenye kifaa cha MOXIE, kinachokaribia ukubwa wa betri ya gari, kilichobebwa na roboti Perseverance hadi kreta ya Jezero Februari 2021. Kilivuta hewa ya huko, ambayo asilimia 95 ni kaboni dioksidi, kikaipasha moto hadi nyuzi 800 na kuinyofoa oksijeni kwa umeme. Kiliwashwa mara 16, mara ya mwisho Agosti 2023, na kilipofikia kilele kilitoa gramu 12 kwa saa, mara mbili ya lengo. Hongereni sana, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Sasa tuangalie mahitaji. Wanaanga wanne wakitaka kuruka kutoka Mirihi, chombo chao kitahitaji takriban tani 7 za mafuta na tani 25 za oksijeni ya kuyaunguza. Mtambo unaotoa kilo 2 kwa saa utahangaika karibu miezi 17, usiku na mchana, bila fundi wa kukaza hata nati moja, ndipo ufikishe tani hizo. Utakula umeme wa kilowati zipatazo 25, na umeme huo haufai kutegemea jua peke yake: dhoruba ya vumbi ya 2018 ndiyo iliyoizima Opportunity, roboti ya huko iliyotegemea jua. Kati ya gramu 122 na tani 25 sijaona safari yoyote yenye tarehe.

Na hiyo ni hewa, ambayo angalau huitafuti, iko kila mahali. Kazi iko kwenye maji.

Juni 2008 chombo Phoenix kilikwangua udongo upande wa kaskazini ya mbali, na kamera yake ikaonyesha vipande vyeupe ndani ya mfereji. Siku nne baadaye baadhi havikuwepo. Havikuyeyuka. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia 1 ya huu wetu, kwa hiyo barafu ikifunuliwa hugeuka mvuke moja kwa moja. Wanasayansi walishangilia, na walikuwa na haki, kwa sababu ndivyo walivyojua kwamba ile haikuwa chumvi. Lakini kwa mchimbaji ni balaa: ukifukua shimo na kuliacha wazi, mali inakupotea ukiitazama. Itabidi kuchoronga, kuyeyusha barafu humo humo chini, kisha kuvuta maji kwa bomba lililozibwa vizuri.

Kuchoronga kwenyewe tumeshakuonja. Msumari wa kujigonga wa chombo InSight ulitakiwa kushuka hadi mita 5. Udongo wa pale ulikataa kuubana pembeni, ukawa unarukaruka palepale. Waliukandamiza kwa kijiko cha mkono wa roboti, ukasogea kidogo, ukarudi nyuma, wakaukandamiza tena. Januari 2021 walinyoosha mikono, msumari ukiwa umezama urefu wake tu, kama sentimita 40. Nami naambiwa mji utajengwa huko!

Barafu ipo, hilo halina ubishi. Katika uwanda wa Utopia Planitia, rada ya Mars Reconnaissance Orbiter, chombo kinachoizunguka Mirihi, ilionyesha tabaka lenye maji yanayokaribia yale ya Ziwa Superior la Amerika Kaskazini, likiwa limefunikwa na udongo wa mita 1 hadi 10. Kwa anayeangalia picha, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwenye mashine, mita 1 ni kazi ya kawaida na mita 10 ni mradi mwingine kabisa. Kupima kina hicho ndiyo iliyokuwa kazi ya Mars Ice Mapper, safari ya chombo chenye rada iliyopangwa pamoja na Kanada, Italia na Japani, mpaka mapendekezo ya bajeti ya Machi 2022 yalipoondoa fedha za NASA. Kwa maoni yangu, katika makato yote hilo ndilo lililoumiza zaidi.

Kuhusu nyumba sina mengi. Watu wanne walikaa siku 378 katika nyumba ya kuigiza maisha ya Mirihi, iliyochapwa kwa printa huko Houston, Marekani, wakatoka Julai 2024 wakiwa salama. Ni vizuri. Udongo wa kufunikia paa dhidi ya mionzi hautakosekana. Ila udongo huo una perkloreti, chumvi inayodhuru tezi ya shingo, na ukitaka kuupandia chakula utahitaji kuuosha. Kuuosha kwa kitu gani? Kwa maji.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni safari ya rada irudishwe mezani. Baada yake, katika mojawapo ya nafasi za kuruka zinazojitokeza kila baada ya miezi 26, itumwe mashine ya kuchoronga pamoja na mtambo kamili wa oksijeni, vifanye kazi msimu mzima bila mtu. Tena iandikwe kama kanuni ya ofisi yako: hakuna mwanaanga atakayeondoka duniani kabla kipimo cha tangi la kurudia kule Mirihi hakijasoma kwamba limejaa. Fedha za kuchimba barafu zipewe fungu lake katika bajeti, lisichanganywe na lingine, ili kila anayelikata aonekane amekata nini.

Jibu nitalipokea kwa shukrani, hata likiwa ni tarehe tu.

Wako,
Mfuatiliaji wa safari za anga