Tuache kuandika "Mto Rio"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa kurasa zako za habari za kimataifa, na kuna jambo la lugha linalonikera kila habari zinapotoka Amerika ya Kusini, nalo ni maandishi kama "Mto Rio Negro" na "Mto Rio Grande". Neno rio, ambalo Wareno huliandika hivyo na Wahispania wakaliwekea alama, río, maana yake ni mto. Anayeandikiwa "Mto Rio Grande" ameandikiwa "Mto Mto Mkubwa", na asiyezijua lugha hizo hubaki akidhani Rio ni jina la mtu au la kabila.

Naomba waandishi wako wachague moja, ama Rio Negro ama Mto Negro, kisha maana ielezwe kwa maneno machache jina linapotajwa mara ya kwanza. Mara nyingi maana hiyo ni habari tosha. Negro ni "-eusi", na mto huo unaopita kaskazini mwa Brazili ni mweusi kweli: ukiyachota maji yake kwa glasi utayaona yana rangi ya chai ya mkandaa, kwa sababu ya majani yanayooza msituni. Karibu na mji wa Manaus unakutana na Solimões, wenye maji ya rangi ya udongo yanayobeba tope la milima ya Andes, na kwa kuwa maji ya Negro yana joto zaidi na huenda polepole, mito hiyo miwili hutiririka sambamba kwa kilomita kama 6, nyeusi upande huu na kahawia upande ule, kabla ya kuchanganyika.

Najua wapo watakaosema kwamba majina mengine hupotosha. Rio de Janeiro ni "Mto wa Januari", ilhali kilichopo pale ni Ghuba ya Guanabara, ambayo mabaharia Wareno waliifikia Januari 1502. Río de la Plata, kati ya Argentina na Uruguay, ni "Mto wa Fedha", lakini maji yake ni ya matope. Fedha yenyewe ilikuwa tetesi za madini yaliyosemekana kuwa huko bara, zikawavuta Wahispania. Kwangu mimi hiyo ni sababu zaidi ya kueleza, hasa kwa kuwa Kiswahili kinalipokea jina hilo bila taabu: plata, kama fedha yetu, ni madini na ni pesa pia.

Uangalifu uwepo vilevile pale mto mmoja unapokuwa na majina mawili. Tajo wa Hispania ukivuka mpaka huitwa Tejo, na ndio huo unaoingia baharini Lisbon, kwa hiyo habari isiyosema hivyo humpa msomaji mito miwili.

Namalizia na Guadalquivir, mto wa Sevilla, ambao jina lake halina río kwa sababu limetoka katika Kiarabu, al-wadi al-kabir. Wasomaji wako wengi wanaifahamu kabir kupitia akbar, na wangeona mara moja kwamba huo nao ni Mto Mkubwa, sawa na Rio Grande, laiti mwandishi angewadokezea.

Wako,
Msomaji