Kumuuliza mgonjwa kama anavuta hakutoshi

Mhariri,

Wagonjwa wengi huulizwa kama wanavuta sigara, jibu likaandikwa kwenye faili, mambo yakaishia hapo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Linapendekeza wahudumu wa afya watoe ushauri mfupi, wa sekunde 30 hadi dakika 3, kama sehemu ya kazi yao ya kila siku. Foleni ndefu, basi, si kisingizio.

Ila ushauri huo usigeuzwe mahubiri. Mvutaji anajua fika kwamba sigara inaua. Asichojua mara nyingi ni kwamba dawa zipo: vibandiko na chingamu za nikotini, vareniklini, bupropioni, saitisini. Mhudumu apange naye siku ya kuacha, kisha amfuatilie kwa simu ndani ya wiki ya kwanza, kwani hapo ndipo hamu, hasira na kukosa usingizi humwelemea. Akirudia kuvuta asikaripiwe. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Na wanaotafuna au kunusa tumbaku waulizwe pia. Hao husahaulika kabisa.

Msomaji wenu