Samaki gani waliorudi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia hapa Jinja limekwisha kuwa la jana, na hata hivyo nalisoma mpaka matangazo ya vifo. Wiki iliyopita mlikuwa na habari fupi, ukurasa wa ndani, kwamba samaki wameanza kurudi katika miamba ya matumbawe ya Pwani ya Kenya. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa salamu za nyumbani, maana kwetu ni Gazi, kusini ya Mombasa. Uganda nililetwa na ndoa, nikabakishwa na kazi ya kufundisha Kiswahili. Nikaisoma habari ile mara tatu nikitafuta neno moja, nisilione. Samaki gani?

Sisemi hivi kama mwalimu anayesahihisha insha. Nina sababu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akienda mwambani kila bamvua, maji yakipwa sana, yeye na wanawake wenzake, kapu begani na kijiti cha kumchokolea pweza mkononi. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini sikumsikia hata siku moja akirudi na kusema "nimepata samaki". Alisema: tafi watatu, mkundaji mmoja, changu mdogo nimemwacha, na yule pweza wa shimo la kule chini leo hayuko. Pweza alimjua kwa shimo lake kama unavyomjua jirani kwa mlango wake. Asipomkuta siku mbili tatu alimuulizia.

Mwaka 1998 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaskazi ya mwaka ule ilipokuwa inakwisha maji yalikuwa ya moto mpaka kwenye madimbwi ya mwambani ukitia mguu unautoa. Bibi alirudi na kapu jepesi, akakaa barazani, akatwambia mwamba umevaa sanda. Sikumwelewa mpaka aliponipeleka. Matumbawe yalikuwa meupe, meupe pepepe, mbali kadiri ya macho.

Baadaye nilisoma sababu yake. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi mimea wadogo wasioonekana kwa macho, wanaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto hata kwa digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa wale wapangaji wake. Joto lisipopungua upesi, hufa kwa njaa. Mwaka ule yalikufa kwa wingi kuanzia Kenya na Tanzania hadi visiwa vya Shelisheli, ambako katika visiwa vya ndani zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalipotea.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wasomaji wa huku bara wakijue, kwa sababu hapo ndipo habari yenu ilipokatikia.

Mwamba haukufa wote sawasawa. Matumbawe ya matawi, yale yanayokua haraka na kuwa kama kichaka, ndiyo yaliyotangulia. Yale ya mviringo, mazito kama jiwe la kusagia, mengi yalivumilia. Mifupa ya yaliyokufa ikaota mwani, na penye mwani huja walao mwani: tafi na pono. Kule Shelisheli watafiti waliirudia miamba ileile 21 mwaka hadi mwaka. Miamba 12 ilirudisha matumbawe yake. Miamba 9 iligeuka kuwa mashamba ya mwani, ikabaki hivyo. Na wavuvi wa madema, ile mitego ya kusukwa? Walichovua hakikuporomoka, kwa kuwa tafi waliongezeka na kuyajaza madema. Aliyehesabu kilo peke yake angeandika kwamba bahari imepona. Aliyehesabu majina angeona kwamba nyumba ni ileile, wenyeji wake wamebadilika.

Tena mabadiliko hayaji kwa joto tu. Yuko samaki anayeitwa kikande, meno yake magumu, anayeponda wale wadudu weusi wa miiba wanaowachoma watu nyayo. Kikande si samaki wa kugombaniwa mnadani, akivuliwa hakuna anayemlilia. Lakini akimalizwa, wadudu wa miiba huzaana bila mzuizi, wakala nyasi za bahari na kuutafuna mwamba wenyewe. Upande wa Diani, si mbali na kwetu, wameshamaliza maeneo ya nyasi ambamo tafi wadogo hukulia. Ndani ya hifadhi za zamani, kama Malindi na Watamu zilizofungwa kwa uvuvi tangu 1968, wadudu hao ni wachache, kwa kuwa kikande yumo. Samaki mmoja asiye na bei, na jina lake hamjawahi kuliandika.

Viumbe hao nao hawakai wakingoja kufa. Joto lilipopanda tena mwaka 2016, watafiti walioufananisha mwaka huo na 1998 katika miamba ya Kenya waliona kwamba aina kadhaa za matumbawe hazikuumia kama mara ya kwanza. Huenda waliokuwa dhaifu walikwisha kuondoka, huenda waliobaki wamejifunza kuishi na wapangaji wanaostahimili joto zaidi. Lakini kustahimili huko kuna kikomo, na joto la 2024 limekuja juu ya hilo. Naandika hili kwa hofu. Mama yangu angali Gazi.

Mikoko ya kwetu nayo nisiiache. Watu wa Gazi wanajulikana duniani kwa mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 za msitu zinazolindwa, na fedha zinazolipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko zimeleta maji na vitabu vya shule. Najivunia. Ila kila ninapokwenda likizo natazama ni mti gani uko wapi. Mlilana hukaa mbele, miguu ndani ya maji. Mkoko wenyewe hufuata, kisha mkandaa, na mchu hustahimili hata chumvi kali ya nyuma kule. Kila mti una kaa wake na konokono wake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta matope mengi katika hori ya Mwache, Mombasa, mizizi ya kupumulia ilifukiwa na miti ikafa ikiwa imesimama. Mtu akipanda mkoko mtupu mahali pote, kutoka ndegeni utaona kijani. Bibi yangu angeuliza mlilana yuko wapi.

Huenda Mhariri utasema hayo ni ya baharini, sisi tuna Ziwa Victoria. Basi njoo Masese, mwalo wa samaki wa hapa Jinja.

Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanitajie majina ya samaki kwa Kiswahili. Walinitajia moja: samaki. Nikawaambia wataje kwa lugha za nyumbani, ubao ukajaa: mpuuta, mukene (yaani dagaa), ngege, nkejje, nningu, ssemutundu, mmale, mmamba. Msichana mmoja akasema yeye mmamba hali, ni mwiko wa ukoo wao, na darasa zima likaanza kueleza miko. Lilikuwa somo zuri kuliko nilivyoliandaa.

Nkejje ndiye anayenifanya niandike barua hii. Kwa Kiswahili cha ziwani wanamwita furu. Walikuwa mamia ya aina, waliotokea katika ziwa hili hili, na ziwa lenyewe lilikauka na kujaa upya miaka kama 15,000 iliyopita, yaani juzi kwa hesabu ya dunia. Sangara, huyo mpuuta, alitiwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Akawala furu, na kufika miaka ya 1980 walikuwa wameangamia aina kwa aina. Baadaye sangara alipovuliwa sana, furu wengine wakaonekana tena. Gazeti lingesema: furu warudi! Lakini watafiti wa ghuba ya Mwanza waliwapima waliorudi wakakuta mwili umebadilika ndani ya miaka 20 tu. Aina moja ilikuwa na matamvua makubwa zaidi kwa asilimia 64, kwa kuwa maji yamekuwa mazito na hewa yake imepungua. Hao waliorudi si wale walioondoka.

Na ngege je? Ngege wa asili wa ziwa hili karibu ametoweka humu, amebaki katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli. Anayeuzwa leo kwa jina la ngege ni sato aliyeletwa kutoka maji mengine. Jina limebaki, mwenye jina amekwenda. Kwa hiyo hata majina peke yake hayatoshi, lazima yawe na mtu anayemtazama samaki mwenyewe, mahali palepale, mwaka hadi mwaka, na kuandika.

Ombi langu ni dogo. Mnachapa bei za mahindi, maharage na mafuta ya petroli kila wiki. Tupeni mistari mitano kila mwezi, kando ya bei hizo, ya samaki walioshuka mwaloni, kwa majina, pamoja na wale walioulizwa wakakosekana. Upande wa Ziwa nitaanza mimi na wanafunzi wangu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Masese. Upande wa Pwani, Gazi wako wanawake wanaokwenda mwambani mpaka leo, nao wana simu. Na habari yoyote itakayosema samaki wameongezeka au wamepungua, tafadhali mwandishi arudishwe akaulize ni nani hao.

Ya kwanza naiambatanisha hapa, kama tulivyoiandika asubuhi mwaloni. Mukene, wengi, wameanikwa mpaka karibu na barabara. Sangara, wapo, wengi wao wadogo. Sato, wapo, wanaitwa ngege. Mmamba mmoja, mkubwa. Nkejje, kibeseni kimoja, aina mbili ambazo wenye mtumbwi hawakukubaliana majina yake. Nningu, tumewauliza wauzaji saba: hakuna.

Mwalimu wa Kiswahili,
Jinja