Kufunga muhula wa kwanza, na majibu kwa mzazi anayetaka kumfundishia mwanawe nyumbani

Ndugu wazazi na walezi,

Bwana Yesu asifiwe. Kwa wazazi wetu Waislamu, Asalaam alaykum.

Tunafunga shule Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti zimo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti. Hisabati darasa la sita haikwenda vizuri. Mwalimu wa somo atakuwepo Ijumaa kuongea na kila mzazi. Sitalirefusha hilo hapa, kwa sababu mwezi uliopita nilipokea barua ya mzazi mmoja ambayo bado inanikosesha usingizi, naye ameniruhusu niijibu mbele yenu nyote bila kumtaja.

Anaomba kumwondoa mwanawe wa darasa la tatu amfundishe mwenyewe nyumbani. Amesoma habari za familia za Kikristo huko Marekani, ambako jambo hilo linaruhusiwa katika majimbo yote 50. Anauliza: kama Mungu amemkabidhi mzazi mtoto, shule inaingiaje hapo katikati?

Kisheria jibu ni fupi. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyefikisha miaka saba, na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Ila mtu haandiki kurasa nne kwa mkono kwa sababu ya sheria.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Mwalimu hatajwi. Hapo mzazi mwenzetu yuko sahihi kabisa. Lakini Wakristo waliotutangulia hawakuiona shule kuwa adui wa nyumba. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa na nafasi, wengine hawakuwa na ujuzi, na wengine hawakujali. Huku kwetu, wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na baada yao mahali pengi jengo lilelile la udongo lilikuwa kanisa Jumapili na darasa Jumatatu. Bibi yangu alijifunza kusoma katika jengo la namna hiyo. Kijijini yeye ndiye aliyewasomea majirani barua za watoto wao waliokuwa mbali.

Nilipoisoma barua mara ya pili ndipo nikaona panapouma. Mtoto huyo anapitiwa na basi letu saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi na mbili jioni. Nikapanda basi hilo jioni moja mpaka kituo cha mwisho. Walikuwa wamebaki watoto kumi na mmoja, saba wamelala na mabegi mgongoni. Mmoja alikuwa na nusu andazi mkononi. Matroni aliwashusha wawili kwa kuwabeba. Mzazi wa namna hiyo ataongea na mwanawe njiani saa ngapi? Hiyo njia tumeichukua sisi. Kosa hilo ni la shule, na nawaomba radhi.

Kwa hiyo kuanzia muhula wa pili, masomo ya ziada ya jioni yamefutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne, na basi litaanza kupita saa kumi na mbili na robo asubuhi. Najua wapo mtakaohofia maksi. Njooni kwenye kikao tuzungumze, lakini uamuzi huu nimeufanya nikiwa na hakika. Mzazi mwenzetu namwomba tujaribu muhula mmoja kwa ratiba hiyo.

Lipo na jambo la Februari. Mvua ilikatika, ikakawia kurudi, mtama wa shamba la shule ukaanza kunyauka. Kila asubuhi tuliomba mvua. Wiki hiyohiyo darasa la tano walikuwa wanajifunza mzunguko wa maji kwa sufuria na mfuniko. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama mvua inatokana na mvuke, asubuhi tunamwomba nani?" Akaambiwa akae chini, aache mzaha na mambo ya Mungu. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona akifuta kwa kidole alichokuwa ameandika daftarini.

Niliwaita wote wawili. Nilimwambia binti kwamba Mungu ninayemwamini ndiye aliyeyawekea maji utaratibu wa kupanda na kushuka, na kuujua utaratibu huo hakumwondoi. Kwa nini mvua ilikawia wakati tunaomba, nilimwambia sijui. Mwalimu wake alimwomba msamaha mbele ya darasa kwa hiari yake, nami namheshimu kwa hilo. Sitaki shule yenye jina la Kristo imfanye mtoto aogope kuuliza.

Wazazi Waislamu, hakuna kilichobadilika: kipindi cha dini watoto wenu wanakaa na ustadhi wao, na hakuna anayelazimishwa kuingia kwenye sala zetu. Uhuru huo uko kwenye Ibara ya 19 ya Katiba, na hata usingekuwepo tungeulinda.

Likizo hii msiwatafutie tuisheni. Ni wakati wa mavuno. Wenye mashamba nendeni nao wakapure mtama na uwele, ongeeni nao huko.

Nyuma ya ripoti tumeacha mistari mitano. Andikeni hapo swali moja ambalo mtoto amewauliza mkashindwa kulijibu, msaini, mrudishe siku ya kufungua. Tutayachukua moja moja mstarini asubuhi. Na sweta ni lazima: Julai kuna upepo na baridi kali pale kituoni.

Wenu katika Bwana,

Mwalimu Mkuu